Mvua na joto katika grafu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa Mbeya na Iringa wawafundishe wanafunzi kuchora seti kadhaa za data kwenye grafu moja kwa kompyuta. Programu ya GNU Octave, ya kufanya hesabu na kuchora grafu, haina malipo, ila mchoro mpya hufuta wa awali usipoiagiza kwanza iushikilie uliopo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili hupimwa kwa milimita, joto kwa nyuzi. Vikichorwa kwa mhimili wima mmoja, mstari wa joto hulala chini kana kwamba haubadiliki, hivyo kila kipimo kipewe mhimili wake, kushoto na kulia.

Mwalimu wa Hisabati,
Mbeya