Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mshikamano daima.

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasoma madai yetu, ukurasa mmoja na nusu. Nilipomaliza, ndugu mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Mwenyekiti, hayo umetusomea sisi. Kwa mwajiri umeyasoma lini?" Nikajibu kwamba yalisomwa katika Baraza la Wafanyakazi, kikao cha mwajiri na wawakilishi wetu, mwezi Mei. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa na faida kwa mtu yeyote. Kufikia Mei, bajeti ya halmashauri ilikuwa imepitishwa na madiwani miezi mitatu nyuma, na makaratasi yapo Dodoma kwa wabunge. Tulikuwa tunaomba chakula wakati sufuria imeshaoshwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu tarehe ya kikao kimoja. Najua wapo waliotegemea nianze na mishahara. Tutafika.

Mwajiri wetu ni nani

Hili ndilo swali nililolijibu kwa simu mara nyingi kuliko lolote mwaka huu. Barua yako ya ajira ina sahihi ya Mkurugenzi. Mshahara wako unatoka Hazina. Nafasi yako imo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, iliyoidhinishwa na Ofisi ya Rais, Utumishi, na halmashauri yenyewe iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mfanyakazi wa kiwandani akikwama na bosi wake, Serikali huja kama mtu wa tatu, na ndiyo maana ya majadiliano ya utatu. Kwetu sisi Serikali imekalia viti viwili: cha mwajiri na cha mtunga kanuni. Ukimfuata upande huu anakwambia suala lako liko upande ule.

Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya mwaka 2003, ilitungwa ili kuwe na meza ambayo Serikali inakaa kama mwajiri na vyama vinakaa ng'ambo yake. Huku chini tunakofanyia kazi, meza yetu ni Baraza la Wafanyakazi, lenye asili yake katika Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970, enzi za chama cha wafanyakazi cha NUTA, kabla ya JUWATA, kabla ya OTTU na kabla ya hili shirikisho la vyama, TUCTA, tulilonalo. Ni chombo cha miaka 55. Tatizo halijawahi kuwa kukosa chombo.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa Baraza ni Mkurugenzi, na anayepanga tarehe ni mwenyekiti. Mkataba tuliosaini na mwajiri wa kuunda Baraza unataka vikao viwili kwa mwaka. Hausemi lini. Kikao kinachofanyika Mei kinatimiza mkataba na hakimsaidii mtu.

Kikao cha Novemba

Mwezi Machi tuliandika barua kuomba kikao kimoja kifanyike kabla rasimu ya bajeti haijaingia Kamati ya Fedha. Tukajibiwa kwamba fedha za kikao hazipo. Tukaandika tena, tukajibiwa vilevile. Barua ya tatu tuliipeleka kwa mkono, mimi na Katibu, na tukakaa na Afisa Utumishi tukamwomba atuonyeshe kikao kinagharimu nini hasa. Alifungua jalada bila kinyongo, na nampa heshima yake kwa hilo. Gharama kubwa haikuwa ukumbi wala chai. Ilikuwa posho za wajumbe, yaani sisi wenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo baadhi yenu hamjanisamehe. Nilikubali, kwa niaba ya wajumbe wa chama, kikao cha siku moja, kwenye ukumbi wa shule, nauli kwa wanaotoka kata za mbali na posho hakuna. Nilipiga simu kwa wajumbe wachache tu kabla ya kukubali. Nilipaswa kuitisha Kamati ya Tawi. Maneno ya "mwenyekiti ameuza posho zetu" yalinifikia kabla sijafika nyumbani. Kosa la utaratibu ni langu na nalikiri hapa. Uamuzi wenyewe siujutii.

Kikao kilifanyika Novemba. Kabla ya siku hiyo tuliomba kitu kimoja zaidi, na nadhani kimetusaidia kuliko kikao chenyewe: orodha ya madeni yasiyo ya mishahara ihakikiwe kwa pamoja. Mtu wa Utumishi, mtu wa Mweka Hazina, Mkaguzi wa Ndani na Katibu wetu walijifungia chumba cha majalada siku tatu. Miaka yote chama kimekuwa na orodha yake na mwajiri yake, na kila kikao kiliishia kwenye ubishi wa nani anadai nini. Safari hii tuliingia ukumbini na orodha moja.

Niwaeleze pia kilichotuuma. Baadhi ya madai yalikatwa, na yalikatwa kwa haki. Mwanachama aliyejiombea uhamisho mwenyewe, akaandika kwa mkono wake kwamba anamfuata mwenzi wake, hana fedha za uhamisho za kudai. Nauli ya likizo ni kila baada ya miaka miwili. Kuna aliyeidai kila mwaka na kuna ambaye hakuwahi kuidai tangu aajiriwe. Huyo wa pili ni dada wa zahanati. Alipopigiwa simu alisema hakujua kwamba ipo. Jina lake lilikuwa kwenye daftari letu la ada miaka yote hiyo, na mimi ndiye mwenyekiti wake.

Matokeo: rasimu ya bajeti ya 2026/27 ina kasma ya kulipa madeni ya likizo na uhamisho yaliyohakikiwa, wanaokaribia kustaafu wakitangulia. Rasimu bado si fedha. Madiwani hawajaipitisha, na hata wakiipitisha, fedha hizo zinatoka mapato ya ndani, na mapato yetu ya ndani ni ushuru wa mazao. Mvua ikigoma, kasma itabaki kuwa maandishi. Asikope mtu kwa kutegemea fungu hilo.

Tange na mserereko

Malimbikizo ya mishahara ni habari nyingine, kwa sababu hayo mlipaji ni Hazina. Kazi ya halmashauri ni kuingiza taarifa sahihi kwenye mfumo na kazi ya tawi ni kukagua kama zimeingizwa.

Mnakumbuka tulikotoka. Mwaka 2016 upandishaji vyeo ulisimama kupisha uhakiki, na Aprili 2017 taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais Dodoma ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliokuwa na vyeti halali walisimama kwenye foleni hiyohiyo. Ndiyo maana ya huu utaratibu wa mserereko: kumfikisha mtumishi kwenye daraja ambalo angekuwa nalo kama asingecheleweshwa.

Kwetu mserereko umewafikia wengi na umewaruka wengine. Tulipouliza sababu, tuliambiwa tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu wao kazini, haiko sawa. Ni kweli haikuwa sawa. Kuna walioajiriwa siku moja, kwa barua zinazofuatana namba, mmoja yuko juu na mwenzake chini madaraja mawili. Tumekubaliana na mwajiri kuipitia tange idara kwa idara, mwakilishi wetu akiwepo. Afya na Kilimo zimekwisha. Utawala bado, na humo ndimo walimo watendaji wa vijiji. Msiponisumbua kwa hili nitajua mmesahau.

Mishahara

Mei Mosi kitaifa ilikuwa Singida. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kipande kwa asilimia 35.1, kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Mwisho wa Julai simu yangu haikupoa. "Mwenyekiti, mbona mimi sijaiona 35?" Ndugu zangu, asilimia hiyo ni ya kima cha chini. Walio ngazi za juu yake wameongezwa kwa viwango vidogo zaidi. Chama kilipaswa kulieleza hili siku ileile, badala ya kuliacha likazunguka kwenye makundi ya simu hadi siku ya mshahara.

Jingine nalisema kama kaka kwa wadogo zake: Agosti maafisa mikopo walikuwa wameshajaa getini. Theluthi moja ya mshahara isiyoguswa na makato ya mikopo imewekwa ili mtu apate nauli ya kuja kazini.

Kuhusu fulana za Mei Mosi: zilichelewa, na zilipofika zilikuwa saizi moja. Malalamiko yamepokelewa. Ningependa tu siku moja tawi lijazwe na watu wanaouliza kuhusu mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya maslahi yetu, kwa hasira ileile wanayoulizia fulana.

Kwa nini hatugomi

Vijana walioajiriwa karibuni wameniuliza hili, na si swali la utovu wa adabu. Mwaka 2010 TUCTA ilitangaza mgomo uanze Mei 5, dai likiwa kima cha chini cha Sh 315,000. Mei 3 Rais Kikwete akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema Serikali haina uwezo huo, na mgomo ukafutwa. Mwaka 2012 walimu waligoma kweli, kuanzia Julai 30. Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikawaamuru warudi darasani. Sheria haijafuta haki ya kugoma, lakini imeijengea ngazi ndefu, na anayeruka vidato anaanguka mahakamani. Sisi hata kidato cha kwanza hatujakikanyaga: hatuna mkataba wa hali bora. Rasimu tunayo tangu mwaka jana. Mwajiri ameisoma, ameiwekea alama nyekundu kwenye vifungu vya saa za ziada na usafiri wa wagonjwa mahututi usiku, akairudisha. Hiyo ndiyo kazi ya mwakani.

PEPMIS

Mfumo wa kupima utendaji umetuletea mgogoro ambao haukuwa lazima. Mtendaji wa kijiji kisicho na intaneti anapanda kilima saa mbili usiku kutafuta mtandao ili aandike kwamba leo alisuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba. Asipoandika, mfumo unaonyesha hakufanya kazi. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilikwenda kwa walimu, na watendaji wetu wanatumia simu zao na vifurushi vyao. Novemba Mkurugenzi alikubali wasimamizi wasimwandikie mtu alama za chini kwa sababu ya mtandao bila kumwita kwanza. Ni ahadi ya mdomo iliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Tunza nakala yako.

Nidhamu na rufaa

Mwanachama wetu mmoja alifukuzwa kazi kwa utoro. Kwa maoni yangu alikuwa na kesi nzuri. Akaenda moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa ushauri wa rafiki. Akarudishwa, maana tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma lazima kwanza amalize njia za rufaa zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Alipokuja kwetu, muda wa kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ulikuwa umepita. Tumeomba rufaa isikilizwe nje ya muda, na tunasubiri. Nawaomba: ukipewa barua ya tuhuma, mtu wa kwanza kuiona baada yako awe Katibu wa tawi. Si jioni ya siku ya mwisho.

Wanaostaafu

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu, bado kinauma. Mlisikia wenyewe: 2018 hasira, kisha Rais Magufuli akasitisha, Julai 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, ukawa wa asilimia 33, ukitangazwa kama makubaliano ya Serikali, waajiri na vyama, bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Naunga mkono nyongeza hiyo. Ila siwezi kuwatetea waliokaa mezani 2022 kwa niaba yetu bila kuja kutuuliza kwanza. Utatu unaoishia kwa viongozi watatu, wanachama wakasoma gazetini, unajenga chuki ambayo mwenyekiti wa tawi ndiye anayekutana nayo kaunta. Nami, kama nilivyosema juu ya zile posho, siko msafi kwenye kosa hili.

Fedha za tawi

Mgao wetu wa ada ulichelewa robo mbili. Mweka hazina atasoma hesabu. Hakuna deni.

Mambo ya mezani leo

Tunahitaji wajumbe wawili wa kuungana na Katibu kwenye tange ya Utawala, na angalau mmoja awe mtendaji wa kijiji. Tunahitaji pia kuamua kama kikao cha Novemba mwakani kitaendelea bila posho. Safari hii mtapiga kura nyinyi, na nitafuata mtakachoamua hata kama sikipendi. Ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya madeni na wana barua zao mkononi, Katibu yuko mlangoni na fomu hadi saa kumi.