Watoto wa korali hawapotezi muda

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba watoto wanaoshinda kwenye mazoezi ya korali wanapoteza muda wa masomo. Mimi nafundisha korali hapa Kadutu, Bukavu, na maneno yale yalinikera. Nina watoto 18 na kinanda kimoja. Umeme ukikatika tunasoma noti kwa mwanga wa simu, mdundo tunaupiga kwa makofi.

Chukua mfano wa mtunzi wa muziki Pascual Veiga. Alizaliwa mwaka 1842 Mondoñedo, mji mdogo wa Galicia, jimbo la Hispania. Muziki alianza kujifunza utotoni, akiimba katika korali ya kanisa kuu la pale. Baadaye akapiga kinanda kanisani katika mji wa A Coruña, akaongoza korali za wanaume, na muziki wa wimbo rasmi wa Galicia ni wake. Ulisikika hadharani mara ya kwanza Havana, Kuba, mwaka 1907, mbele ya Wagalicia waliohamia huko. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Sisemi wangu wote watafika huko. Wawili hutoroka nikigeuka tu. Lakini msomaji yule aje Jumamosi saa nane, akae benchi la nyuma, asikilize sauti ya tatu. Na kama ana betri ya gari asiyoitumia, aje nayo.

Mwalimu wa korali, Kadutu