Barua kwa Somo: Rangi Mbili Zinatosha

Tanga, Jumapili baada ya alasiri

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Lamu, wewe, mama na wadogo zako wote. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimechelewa na joto ni kali, lakini kazi inakwenda.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, kisha nikaifungua tena. Unasema umepokea mswada wa hadithi ya watoto, wa yule binti anayemngoja baba yake arudi kutoka baharini, na kwamba mchapishaji amekwambia rangi ni mbili tu kwa sababu ya gharama: nyeusi, na moja utakayoichagua mwenyewe. Unasema pia kwamba kila usiku unapekua kwenye simu picha za wachoraji wa nje hadi macho yanauma, na asubuhi ukishika penseli mkono hautaki. "Wao wana kila kitu," umeandika. Nilipofika hapo nikaona nikuandikie leo hii, nisingoje tuonane Idi.

Mimi naamini hao hao unaowatazama ndio watakaokutoa hapo ulipokwama, ila unawatazama kwa njia inayochosha. Simu inakuonyesha picha moja ya huyu na moja ya yule, zote zimekwisha kukamilika, na hakuna hata moja inayokwambia mchoraji alijinyima nini mpaka akaifikia. Na mimi hamu ya kuchora huniijia hapo hapo kwenye kujinyima kwao. Chukua mchoraji mmoja na kitabu kimoja, keti nacho mchana kutwa, na kila ukurasa ujiulize: huyu hapa amekataa nini?

Nianze na Suzy Lee, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nikimfikiria tangu mstari wa kwanza wa barua yako. Ni mzaliwa wa Seoul, Korea Kusini. Alisomea uchoraji kwao, kisha akaenda London kusomea sanaa ya vitabu, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo kwa mchoraji wa vitabu vya watoto hakuna heshima inayoipita. Kitabu chake kiitwacho Wave kilitoka mwaka 2008. Wifi yangu aliniletea nakala alipokuja kutoka Ujerumani, na tangu siku hiyo sijamwazima mtu. Mtoto wa kike yuko ufukweni, anacheza na mawimbi, basi. Ndani hamna neno hata moja. Na rangi, somo yangu, ni mbili: nyeusi ya makaa na buluu.

Kitabu kimelala, upana wake umezidi kimo. Ukikifungua, mtoto yuko ukurasa wa kushoto na bahari iko kulia, na katikati yao upo mkunjo, pale karatasi zinaposhonwa. Wewe na mimi tunajua jinsi wachoraji tunavyouogopa mkunjo. Tumeambiwa tangu mwanzo tusiweke hapo uso wala mkono wa mtu, utamezwa. Lee ameufanya ukuta. Wimbi linainuka upande wa kulia, linamjia mtoto, na linakomea pale pale kwenye mkunjo kana kwamba limegonga kioo. Mtoto anacheka. Baadaye anathubutu kunyoosha mikono aiguse bahari, na mikono inapotelea kwenye ule mshono. Kosa tulilokatazwa sote amelifanya kwa makusudi, nawe unayesoma unatetemeka kidogo, kwa sababu umeshaelewa kwamba akivuka hapo yuko upande wa bahari. Kisha linakuja wimbi kubwa. Linavunja mpaka, maji yanamwagika upande wa kushoto, na ile buluu iliyokuwa imefungiwa ukurasa mmoja inaenea hadi angani na hadi kwenye gauni la mtoto.

Nimekipitia tena na tena nikitafuta mahali ambapo rangi ya tatu ingesaidia. Sijapaona.

Mwaka 2010 alitoa kingine, Shadow, akaurudia mkunjo ule ule lakini akaulaza: kitabu kinafunguka kwenda juu, vitu vya stoo viko ukurasa wa juu na vivuli vyake viko ukurasa wa chini. Huko napo nyeusi imeongezewa rangi moja tu, manjano. Ukiviweka viwili hivyo pamoja unauona ukaidi wa mtu aliyeamua kukikamua kizuizi kimoja mpaka kitoe vyote kilivyo navyo. Mimi hilo linanipa nguvu kuliko picha mia za kwenye simu.

Sasa rudi kwenye mswada wako. Hiyo rangi ya pili ni ya nani? Ukiipaka kila mahali, itakuwa pambo. Lakini ukiamua ni ya baba peke yake, ya kikoi chake na tanga la jahazi lake, mtoto atakayekisoma kitabu ataanza kuitafuta mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kama anavyoitafuta binti wa hadithi. Na kama unaogopa kwamba mbili ni umaskini, itazame kanga ya kisutu. Nyeusi na nyekundu juu ya nyeupe, na maharusi wa pwani wameivaa tangu enzi za bibi zetu. Nani amewahi kuiona kisutu akasema imepungukiwa?

Hapa nikutahadharishe, maana nakujua unapopenda kitu. Yule mtoto wa makaa na ile bahari ya buluu ni mali ya Lee. Ukiviingiza kwenye kitabu chako, hata ukimvisha mtoto buibui, utakuwa umechukua cha mtu. Swali lake ndilo lililo wazi kwa kila mmoja: kitabu chenyewe, karatasi, mkunjo, ukingo, kinaweza kusimulia nini? Yeye alilijibu kwa wimbi. Wewe umezaliwa mahali ambapo watu hupanga safari, uvuvi na hata kwenda kwa jamaa kwa kutazama maji. Unajua maji kujaa na maji kupwa, unajua bamvua na maji mafu. Kwa nini bahari yako isipande kutoka ukingo wa chini wa ukurasa? Ukurasa wa kwanza iwe mstari mwembamba chini kabisa, vyombo vimelalia ubavu kwenye matope. Halafu ipande kidogo kidogo, binti akiwa ameketi pale pale, mpaka maji yafike kwenye ngazi za gati na vyombo vielee. Baba hawezi kurudi kabla maji hayajajaa, na msomaji atakuwa analijua hilo kwa macho bila kuambiwa. Hili sijaliona katika kitabu chochote. Lichukue kama linakufaa, litupe kama halikufai.

Wa pili ni Jon Klassen, Mkanada. Huyu nitamtaja kwa ufupi, ingawa watoto ninaowafundisha wanampenda kuliko wote. Ana kitabu kiitwacho This Is Not My Hat, kilichopata medali ya Caldecott kule Marekani mwaka 2013 na ya Kate Greenaway kule Uingereza mwaka uliofuata, zote mbili za wachoraji wa vitabu vya watoto. Samaki mdogo ameiba kofia ya samaki mkubwa, na ndiye anayesimulia. Maneno yanasema mkubwa amelala na huenda asiamke kwa muda mrefu. Picha inamwonyesha mkubwa jicho wazi. Maneno yanasema hata akiamka hatajua. Picha inaonyesha jicho limeshaanza kuwaza. Mwili wa samaki haubadiliki, mdomo haubadiliki, Klassen amejinyima vyote hivyo na kubaki na jicho tu. Darasani kwangu watoto wanapiga kelele kumwonya yule samaki mdogo kwa sababu wameona asichokiona yeye.

Nimelitaja hili kwa ajili ya ukurasa ule ulioninakilia, unaosema, "Binti aliwaambia wenzake kwamba hamkumbuki baba yake hata kidogo." Wewe umemchora amenuna, mikono kifuani. Neno limeshasema, picha inarudia. Jaribu kumchora akisema maneno hayo huku amevaa kofia ya baba yake, ile ya vito, inayomfunika masikio. Usiongeze kingine.

Na wa tatu ni wetu, na inaniuma kwamba hukumtaja hata mara moja kati ya wote uliowaorodhesha. John Kilaka, wa Sumbawanga, aliyepitia uchoraji wa Tingatinga hapo Dar es Salaam. Vitabu vyake vimechapishwa Ulaya na Marekani, na watoto wa huko wanamjua, lakini huku kwetu bado namkuta mwalimu wa sanaa ambaye hajawahi kulisikia jina lake. Alizunguka vijijini kwao Rukwa akizikusanya hadithi kwa wazee, akazirudisha kwa burashi. Ile ya mti wa ajabu, iliyotoka mwaka 2009, ndiyo niipendayo: ukame umeingia, wanyama wana njaa, mti mmoja una matunda lakini hayaanguki mpaka ulitaje jina lake, Ntungulu Mengenye. Wakubwa wanatumwa kwa kobe kuliuliza, wanaambiwa, wanalisahau njiani. Sungura mdogo ndiye anayefika nalo.

Tazama jinsi anavyochora. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia mbao za kiwandani na rangi za makopo, zile zile za kupaka baiskeli. Rangi hizo zinang'aa na hazitaki kuchanganywa kwa upole kama rangi za maji, hivyo kila umbo linakaa peke yake, limekatwa wazi, na nyuma yake pametandazwa rangi moja. Tingatinga alifariki mwaka 1972, kazi yake ikiwa na miaka michache tu, na mtindo wote uliobaki umebeba alama ya yale makopo. Kilaka ameurithi na kuutia watu ndani yake, kwa maana wanyama wake wanasimama kwa miguu miwili, wamevaa mashati na vitenge vyenye maua na mistari, kila mmoja na kitambaa chake. Hana kivuli cha kumsaidia wala ukungu wa mbali. Kitambaa na mkao wa mwili ndivyo vinavyokwambia nani ana maringo na nani ana wasiwasi. Mtu akiniambia mtindo wetu hauwezi kusimulia hadithi ndefu, humfungulia Kilaka tu.

Basi fanya hivi, somo yangu, kama utanisikiliza. Iweke simu kabatini. Chagua picha moja ya yeyote kati ya hawa na uinakili kwa mkono kwenye karatasi ya bei rahisi, polepole, kwa ajili ya macho yako tu, maana mkono hugundua vilivyoachwa kabla jicho halijaviona. Ukimaliza, ufunge huo ukurasa na usiurudie. Nenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, ukae siku nzima na daftari na penseli moja, uchore mbavu za chombo kabla hazijafunikwa, uchore wanawake wanaosuka mikeka. Rangi ya pili usiichague kwanza. Naamini utaikuta huko, kwenye kitu fulani ambacho mimi nikiwa Tanga siwezi kukitaja.

Kuhusu malipo, usitie sahihi mkataba kabla hujanitumia niusome. Tazama hasa kile kifungu cha michoro halisi inabaki kwa nani, kwa sababu picha za kitabu hiki nataka zibaki kwako.

Nitumie kurasa nne za mwanzo zikiwa za penseli tu. Nitakujibu upesi, na nitakwambia ukweli kama tulivyozoeana. Nakala yangu ya Wave nitampa binamu yangu anayepanda Mombasa wiki ijayo, akupelekee. Nimeshasema simwazimi mtu, lakini wewe unaihitaji sasa kuliko mimi. Ikae kwako mpaka kitabu chako kimalizike.

Mwamkie mama, mwambie achari ya ndimu aliyonipa imekwisha.

Ni mimi somo yako