Barua kwa mwanangu: Kabla hujasaini fomu ya fidia

Mwanangu,

Nimesikia wathamini wa serikali wameanza kupita mtaani kwenu, kukadiria fidia za nyumba zitakazopisha upanuzi wa barabara. Kabla ya kukimbilia kwa wakili, angalia rangi ya hiyo X waliyochora ukutani.

Kijani maana yake utalipwa. Nyekundu maana yake wanakuhesabu umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, na utabomoa bila senti. Hapo ubishi ni mmoja tu: nani alitangulia, wewe au barabara? Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, zikipimwa toka katikati ya barabara. Aliyekuwa tayari kwenye zile mita 7.5 zilizoongezwa, barabara ndiyo imemfuata, na ana haki ya fidia. Kwa hiyo pima mwenyewe kwa futi kamba, mbele ya mjumbe. Ila usidhani mita 30 ndizo za kila mahali: kwenye Barabara ya Morogoro huko Dar es Salaam, Kimara hadi Kiluvya, serikali ilishikilia mita 121.5 kila upande na mwaka 2017 ikabomoa.

Wakikwambia huna hati basi huna chako, usikubali. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza kumnyang'anya mtu mali bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi inamtambua hata mwenye umiliki wa muda mrefu usio na hati. Tafuta ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, leseni ya makazi kama ipo, na risiti za kodi ya jengo.

Siku ya uthamini usiende kazini. Mthamini atakupiga picha mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye namba yako. Hakikisha namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu, na jina linafanana na la kitambulisho chako cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Malipo mengi hukwama hapo, wala si mahakamani. Mwonyeshe choo cha nje, karo, kisima, uzio, msingi uliokwisha kuchimbwa, na kila mti kwa umri wake, maana mche wa mwembe na mwembe unaozaa havina bei moja. Kisichoandikwa siku hiyo hakipo. Fomu yenye nafasi tupu usiisaini, hata kama mwenyekiti amesimama pembeni anakuharakisha. Piga picha kila ukurasa kabla hawajaondoka nayo.

Watu wengi huangalia bei ya nyumba wakasahau posho. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi kwa bei ya soko, mara miezi 36: nyumba ya kodi ya shilingi 150,000 ina posho ya 5,400,000. Kwa hiyo mthamini akiiandika kodi 80,000 amekupunguzia zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mstari mmoja. Mikataba ya wapangaji wa jirani ndiyo jibu lako. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa kilomita 20. Duka hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, ila bila hesabu za maana utabaki unalalamika. Ipo pia posho ya usumbufu, inayofuata wastani wa riba ya amana za benki. Uwanja mtupu haupati posho ya makazi wala ya usafiri, basi usiihame nyumba mapema kwa hofu.

Andika tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali ameidhinisha taarifa ya uthamini. Ikipita miezi sita hujalipwa, unadai riba. Ikipita miaka miwili, uthamini huo umekufa na lazima ufanywe upya kwa bei za wakati huo.

Mahakamani ndiko kugumu. Huwezi kuishtaki serikali mpaka uipe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, naye lazima aunganishwe kwenye kesi. Tingatinga halisubiri siku 90, ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la Mareva, yaani amri ya muda ya kusimamisha ubomoaji kabla kesi haijafunguliwa, katika kipindi hicho. Notisi ipeleke kwa mkono, na usitoke masjala bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Baba yako