Howard walishinda mara mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja lililomo katika makala yenu kuhusu vijana wanaotafuta ufadhili wa kusoma na kucheza kandanda katika vyuo vikuu vya Marekani. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na najua wazazi kadhaa hapa Tanga walioikata na kuihifadhi. Lakini pale mwandishi wenu alipokitaja Chuo Kikuu cha Howard, kilichopo Washington, alisema kwamba timu yake ya wanaume imetwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara moja tu, mwaka 1974. Kumbukumbu rasmi ndivyo zinavyosema. Uwanjani Howard walishinda mara mbili, na namna ubingwa wa kwanza ulivyofutwa ni habari inayomhusu sana mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe huko.

Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, na tangu hapo kimekuwa mojawapo ya vyuo vikubwa vya Wamarekani weusi. Mwaka 1970 timu yake ilikabidhiwa kwa Lincoln Phillips, aliyewahi kuwa golikipa wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago. Wachezaji wake wengi walikuwa wanafunzi kutoka visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi, vijana waliokua na mpira miguuni katika nchi ambako mchezo huo ndio mchezo wa watu, wakaletwa na masomo katika nchi ambako wakati ule watu wengi hawakuujali.

Tarehe 30 Desemba 1971 vijana hao walifika fainali katika uwanja wa Orange Bowl, Miami, kupambana na Chuo Kikuu cha Saint Louis. Ili msomaji aelewe uzito wa mechi ile, Saint Louis walikuwa mabingwa wa mwaka 1969 na 1970, na kocha wao, Harry Keough, alikuwa beki katika kikosi cha Marekani kilichoifunga Uingereza bao 1-0 kwenye Kombe la Dunia la 1950. Howard waliwafunga mabao 3-2. Kwa mara ya kwanza chuo cha watu weusi kilitwaa ubingwa wa daraja la juu la chama cha michezo ya vyuo cha nchi hiyo, NCAA, na hapa sisemi kandanda peke yake, bali mchezo wowote.

Furaha hiyo ilidumu mwaka mmoja. NCAA walichunguza uhalali wa baadhi ya wachezaji, na mapema mwaka 1973 wakafuta ubingwa wa 1971 na kuizuia Howard kushiriki michuano ya mwisho wa msimu uliofuata. Kombe hilo halikupewa timu nyingine. Mwaka 1971 ukaachwa wazi katika orodha ya mabingwa, na uko wazi hadi leo.

Kosa lao lilikuwa nini? Hakuna aliyedai kwamba walinunua mechi wala kumhonga mwamuzi. Zilizotajwa ni kanuni. Moja ilihusu wanafunzi wa kigeni pekee: mgeni aliyeshiriki mashindano rasmi nchini kwao baada ya kutimiza miaka 19 alihesabiwa kwamba ameshatumia mwaka mmoja wa haki yake ya kucheza chuoni, kwa kila mwaka aliocheza. Kijana wa Marekani aliyechezea klabu ya mtaani kwao katika umri huohuo hakukatwa chochote. Kanuni nyingine ilitaka mwanafunzi, kabla ya kuruhusiwa kucheza, atabiriwe kwa mitihani na rekodi za sekondari kwamba atapata wastani wa alama 1.600 kati ya 4.000 chuoni, na mtu aliyesoma katika mfumo wa Kiingereza wa mitihani, kama tunaousoma sisi, anaweza kufikiri mwenyewe jinsi utabiri huo ulivyomfaa kijana wa Port of Spain, Trinidad. Ya tatu ilimtaka mchezaji amalize misimu yake ndani ya miaka mitano tangu kuanza chuo.

Howard walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 mahakama ya Washington iliamua kwamba kanuni ya wageni ilikuwa ya kibaguzi na ilikiuka Katiba, na mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Kanuni ya 1.600 nayo NCAA walikuwa wameshaifuta wenyewe mwaka uleule wa 1973. Nakiri kwamba mahakama haikuiondoa ile ya miaka mitano, na kwamba Howard hawakuwa na majibu kwa kila shtaka. Hata hivyo, kanuni moja ikishatamkwa na majaji kuwa ni ya kibaguzi na nyingine ikishatupwa na walioitunga, sioni haki ya kuiacha adhabu nzima isimame kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi naamini ubingwa ule ungepaswa kurudishwa, na ningependa urudishwe wakati wachezaji wa siku ile bado wapo wa kuupokea.

Mwaka 1974, baada ya kumaliza adhabu, Howard walirejea. Kaulimbiu yao ilikuwa maneno ambayo Martin Luther King alikuwa akipenda kuyatumia, kwamba ukweli uliopondwa hadi chini utainuka tena. Walicheza mechi 19 na kushinda zote. Ya mwisho ilikuwa fainali, na wapinzani walikuwa walewale Saint Louis, safari hii mjini kwao, tena wakiwa mabingwa wa miaka miwili mfululizo, 1972 na 1973. Mechi ilikwenda hadi kipindi cha nne cha nyongeza kabla ya Mnigeria Kenneth Ilodigwe kufunga bao la ushindi, 2-1. Saint Louis wana ubingwa 10, idadi ambayo hakuna chuo kingine kilichoifikia, lakini tangu siku ile hawajaongeza hata mmoja. Mara mbili walikaribia kuchukua kombe la tatu mfululizo, na mara zote mbili waliowazuia ni Howard. Msomaji anayeambiwa kwamba Howard walishinda mara moja hawezi kuiona historia hiyo.

Nimefundisha sekondari miaka mingi na kusimamia timu za shule, kwa hiyo jambo hili silitazami kwa mbali. Mmoja wa wanafunzi wangu, winga mwenye kasi na kichwa kizuri cha hesabu, alipata nafasi katika chuo kimoja huko. Baada ya kidato cha sita alikuwa amekaa nyumbani akisubiri fedha na viza, na katika kusubiri huko akacheza ligi ya mkoa, kwa sababu kijana wa miaka 20 hawezi kukaa bila mpira. Alipofika chuoni aliambiwa kwamba miaka ile aliyocheza ligi imepunguza misimu yake. Kanuni ya siku hizi haiangalii uraia, na hilo ni matunda ya kesi ya Howard. Lakini anayechelewa ni nani, kama si huyu wetu, ambaye kati ya mtihani wa mwisho na tiketi ya ndege kuna harambee mbili na barua kumi? Hakuna aliyetuambia mapema. Mimi mwenyewe, mwalimu wake, sikujua, na ndimi niliyempa barua ya kujiunga na timu ya mkoa.

Makala yenu iliwataja, kwa haki kabisa, vijana waliofanikiwa, kama Mkenya Philip Mayaka aliyechezea Chuo Kikuu cha Clemson kisha akachaguliwa wa tatu, na klabu ya Colorado Rapids, katika zoezi la mwaka 2021 ambalo klabu za MLS, ligi kuu ya Marekani, huchagua wachezaji wa vyuo. Kando ya majina hayo, Mhariri, naomba mchapishe mambo mawili: sahihisho kwamba Howard walishinda fainali ya 1971 na wakapokonywa kwa sababu nilizozieleza, na maelezo ya kanuni za sasa za NCAA kuhusu mashindano anayocheza kijana kati ya kumaliza sekondari na kuanza chuo, kwa Kiswahili cha kueleweka na mzazi. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, usajili wa ligi za mikoa hauchelewi kufunguliwa, na zipo barua zinazosubiri sahihi za walimu.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Tanga