Mwanangu, jina la mtu lisisafiri na habari

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu,

Sisi hatujambo, mguu wa bibi yako umepungua uvimbe. Habari za uhamisho wako kwenda ofisi ya Interpol nimezipata kwa dada yako, nawe ulikuwa na siku kumi za kunipigia. Nimeumia. Hata hivyo, siku niliyowaambia wenzangu kwenye chanja za dagaa, nilisimama kwanza ndipo nikasema.

Ziwa letu ni moja, nchi nne. Anayevusha bunduki au watu huondoka ng'ambo giza likiingia, alfajiri yuko kwetu. Akigeuza boti, askari wa huku hawezi kumfuata hadi ufuko wa wenzake. Polisi wa pande zote wasipopeana habari, hashikwi mtu. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliliona hilo tangu 1998 walipoanzisha umoja wao Kampala, nami sibishi.

Ninachoogopa ni jina. Habari ikitoka hapa Kibirizi ikafika Dar, ikaenda Nairobi, ikaenda Bujumbura, jina la aliyeona litakuwa limepita macho mangapi? Uliniambia nchi iliyotoa habari ina haki ya kuzuia nchi nyingine isiisome, hata kwenye mtandao wenu huo wa nchi 196. Basi itumie haki hiyo. Kabla hujatuma, jiulize jina hilo lina kazi gani mle. Kama halina, litoe. Mkubwa wako akikuharakisha, litoe hivyo hivyo.

Yaliyompata baba yako mdogo unayajua. Usilolijua ni kwamba yule askari aliniuliza nimesikia kwa nani, nami nikamjibu. Aliandika kwenye daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaliacha wazi mezani akaenda kunywa chai. Kwenye benchi walikaa watu watatu. Niliwaona. Mkono wangu ulikuwa karibu na lile daftari, sikulifunga. Wiki ile ile nyavu zikachomwa. Shemeji yangu mpaka leo akipita hapa huniachia migebuka, na sijamwambia.

Ule vizuri huko. Na kazi yako usimsimulie mtu, hata huyo mchumba ambaye hujamleta nyumbani. Majina ya watu, mwanangu, nakuomba.

Mwezi ni mpevu, wavuvi hawajaingia ziwani tangu Jumatatu, kwa hiyo nusu ya ada ya mdogo wako lipa wewe. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mwembe, fundi anataka pesa kwanza. Dumu la mawese nimempa konda wa basi la kesho. Mfuniko nimeufunga kwa nailoni, lakini nenda stendi mwenyewe, ulikague kabla hajaondoka.

Mama yako