Wenye nyumba za wageni Lamu washike wenyewe funguo za tovuti zao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowahusu wenye nyumba za wageni, wenye majahazi ya kukodisha na wauza samani za kuchonga hapa Lamu, ambao siku hizi hupata wateja wengi kupitia tovuti. Mimi hutengeneza mifumo ya aina hiyo kwa riziki yangu, na nimeona mara nyingi mwenye biashara akilipa fedha nyingi bila kuelezwa amelipia nini, kisha fundi anapohama au wanapokosana hugundua kwamba hakuna hata sehemu moja ya tovuti iliyoandikwa kwa jina lake.

Tovuti si kitu kimoja, na sehemu zake hulipiwa mbalimbali. Jina la kikoa, yaani lile ambalo mgeni huliandika ili aifikie tovuti, husajiliwa kwa muda na huhitaji kulipiwa upya, kwa kawaida kila mwaka. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya kikoa ya Kenya, nayo husajiliwa kupitia mawakala. Seva ni kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikipokea maombi kwa kutumia programu kama vile Apache, iliyotoka mwaka 1995, au Nginx ya mwaka 2004. Nafasi katika seva hiyo hukodishwa, mara nyingi kutoka kwa kampuni iliyo mbali kabisa na Kenya. Kwa hiyo jina la kikoa ni kama hati ya kiwanja na seva ni kodi ya pango: ukifukuzwa kwenye pango utahamia kwingine, lakini hati ikiwa kwa jina la fundi, huna la kuhamisha.

Mgeni aliyeko London anapoandika jina la nyumba iliyoko Shela, mfumo wa majina ya kikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, huligeuza jina hilo kuwa anwani ya IP, nayo ni nambari ambayo kompyuta hujuana kwayo. Kivinjari chake, yaani programu anayofungulia tovuti, huituma haja yake kwenye seva kwa itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya HTTP, au HTTPS ikiwa mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Seva huikabidhi haja hiyo kwa programu iliyoandikwa, tuseme, kwa lugha ya kompyuta ya PHP; programu huiuliza hifadhidata, yaani ghala la taarifa za biashara, kwa SQL, lugha ya kuulizia ghala hilo, ni vyumba gani vilivyo wazi, kisha hutunga ukurasa wa HTML, lugha ambayo kivinjari huisoma, na kuurudisha. JavaScript, lugha nyingine ya kuandikia programu, kwa upande wake hutekelezwa ndani ya kivinjari cha mgeni, na ndiyo maana ukaguzi wa bei au tarehe unaotegemea JavaScript peke yake hautoshi, kwa kuwa mtu mjuzi anaweza kuuruka.

Hifadhidata inastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Nyingi hufuata mtindo ambao Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliueleza mwaka 1970, ambapo taarifa hukaa katika majedwali: moja la wageni, moja la vyumba, jingine la nafasi zilizowekwa, yote yakiunganishwa kwa nambari za utambulisho. Sasa chukua siku za mwisho wa mwaka, wakati watu wawili wanapotaka chumba kile kile kwa wakati mmoja. Programu iliyoandikwa kwa haraka humwuliza kila mmoja tarehe zake, huona chumba kiko wazi kwa wote wawili, kisha huandika nafasi zote mbili. Matokeo yake ni familia mbili kuteremka kutoka boti ya uwanja wa ndege wa Manda zikiwa na risiti za chumba kimoja. Dawa yake inajulikana: kuuliza na kuandika kuwe muamala mmoja, yaani tendo moja lisilogawanyika, ambao mwingine hauwezi kuuingilia, na hifadhidata yenyewe ipewe sharti la kukataa nafasi ya pili kwa chumba kilekile na usiku uleule. Sharti likikaa ndani ya hifadhidata, uzembe wa mwandishi wa programu hauwezi kulipita.

Kuna pia suala la nakala rudufu, yaani nakala za akiba za kurudishia kilichopotea. Mteja hukabidhiwa faili za tovuti ndani ya kifaa cha USB akaridhika, kumbe faili hizo ni picha na programu tu. Majina ya wageni, malipo na tarehe vimo katika hifadhidata, ambayo hunakiliwa kwa njia yake. Nakala isiyowahi kujaribiwa kurudishwa mahali pengine mimi siihesabu kuwa nakala.

Usalama nao una mwenyewe. Kosa la zamani ambalo bado lipo ni kuyabandika maneno ya mgeni moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, jambo linalompa mhalifu nafasi ya kuandika amri pale alipotakiwa kuandika jina. Nyumba nyingi huhifadhi nakala za pasipoti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kumiliki taarifa hizo, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Mwenye kumiliki taarifa ni mwenye nyumba, si fundi wake. (Wale wanaobandika nywila kwenye meza ya mapokezi siwasemi.)

Tovuti isipofunguka, nambari inayoonekana husaidia kujua wa kupigiwa simu: 404 maana yake seva iko hai ila ukurasa haupo, 500 huelekeza kwenye kosa katika programu au mipangilio ya seva, na 503 husema seva imelemewa au inatengenezwa. Jina lisipopatikana kabisa, angalia kwanza kama usajili wa kikoa umelipiwa.

Kabla ya msimu wa Disemba, kila mwenye tovuti na adai kwa maandishi kwamba kikoa kimesajiliwa kwa jina na barua pepe yake, kwamba mkataba wa seva ni wake, na kwamba atapewa nakala ya hifadhidata kila mwezi. Baadhi ya mafundi wenzangu watasema mteja akipewa nywila ataharibu kazi. Hofu hiyo ina msingi, lakini hifadhidata na seva huruhusu watumiaji wenye mamlaka tofauti: mteja apewe mamlaka ya kuangalia tu kwa shughuli za kila siku, na nywila kuu itiwe katika bahasha, ifungwe, akabidhiwe yeye aiweke.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu